Kuridhika Kibarazani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mwanjelwa, Mbeya

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamume anayekaribia miaka 60, ambaye kwa miaka mingi alilala kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi jirani na Soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Jina lake halitajwi, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa. Humu ataitwa Utingo, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya ujanani kwenye malori yaliyokuwa yakipakia Dar es Salaam na kushusha Tunduma. Swali linaloongoza uchambuzi huu ni moja: inakuwaje mtu asiye na mlango wa kufunga aseme ameridhika na maisha, kisha furaha hiyo imtoke wakati ambapo malazi yake hayajabadilika hata kidogo, na hatimaye apate chumba lakini aanze kulalamika?

Njia iliyomfikisha kibarazani haina maajabu. Goti lake liliumia lori lilipoacha njia kwenye mteremko, akapoteza kazi, akamaliza akiba kwa matibabu na kodi, na mwenye nyumba, baada ya kumvumilia kwa miezi kadhaa, akabadilisha kufuli. Mke alikwisha kwenda kwao na watoto. Kijijini kwake, wilayani Rungwe, walikuwepo kaka zake na shamba la migomba lililokwisha kugawanywa, lakini yeye hakutaka kurudi mikono mitupu kwa watu aliokuwa akiwashushia sukari na vitenge kila alipopita na gari. Aibu ya namna hii ndiyo inayowashikilia mjini wanaume wengi wa hali yake. Katika mazungumzo yote aliyofanya na kikundi chetu cha kujitolea, hiyo ndiyo mada pekee aliyoikwepa kwa kusimama na kwenda kuangalia kitu kingine.

Mbeya si mahali pepesi pa kulala nje. Jiji liko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Anayelala kibarazani huku hapambani na mbu kama mwenzake wa Dar es Salaam; anapambana na saa tisa usiku, upepo unaposhuka kutoka mlima Loleza. Utingo alikuwa na utaratibu wake: maboksi matatu chini, la juu likiwa limefunguliwa ili upana wake ufike mabegani, koti zito la mtumba lililofungwa vifungo vyote, na kiroba cha mchele kilichovaliwa miguuni hadi magotini kama soksi moja kubwa. Goti bovu alilizungushia kitambaa alichokwisha kukipasha moto juu ya jiko la jirani yake, mama lishe, kabla huyo hajazima na kwenda nyumbani.

Mama lishe huyo ndiye nguzo ya kisa chenyewe, pamoja na wamachinga kama kumi na wawili waliopanga meza zao mbele ya maduka yale. Jioni wafanyabiashara walipofunga, Utingo alifunika meza zao kwa turubai na kuzikaza kwa vipande vya mpira wa tyubu, kisha akalala pale pale. Kila mwenye meza alimpa chochote kidogo, wengine kwa siku na wengine kwa wiki. Alfajiri aliwasha jiko la mama lishe kabla mwenyewe hajafika, akateka maji, na chapati ya kwanza na kikombe cha kwanza cha chai ya tangawizi vilikuwa vyake. Mtu aliyepita na kumwona akila alidhani amepewa sadaka. Yeye alisisitiza kwamba ni malipo, na mama lishe naye alisema hivyo hivyo, tena kwa ukali, mbele ya watu.

Tulipomuuliza kwa mara ya kwanza kama ameridhika na maisha, alijibu bila kusita kwamba ameridhika. Baadhi yetu waliona anatupa jibu la adabu, lile ambalo kila Mtanzania hulitoa akiulizwa habari, kwa maana hakuna mtu anayejibu "mbaya" mwanzoni mwa salamu hata kama amefiwa. Kwa sababu hiyo tulitumia pia maswali matano ambayo Shirika la Afya Duniani limeyatumia tangu 1998 kupima ustawi wa hisia. Maswali hayo hayamuulizi mtu anayaonaje maisha yake kwa ujumla. Huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita tu: ni mara ngapi umekuwa mchangamfu, ni mara ngapi umekuwa mtulivu, ni mara ngapi umejisikia na nguvu, ni mara ngapi umeamka ukiwa umepumzika, na kama siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, jumla huzidishwa kwa nne ili ifike 100, na anayepata 50 au chini ya hapo hupaswa kuchunguzwa zaidi kwa dalili za sonona.

Utingo alikuwa juu ya mstari huo wa 50. Alama zake zilikuwa nzuri katika maswali manne, ila katika lile la kuamka ukiwa umepumzika alijipa sifuri, na akacheka kana kwamba tumemuuliza kama ana ndege yake. Sifuri hiyo ni muhimu kuliko jumla. Inaonyesha kwamba hakuwa akijibu kwa adabu tu, kwani mwenye kujibu kwa adabu hupamba kila kitu. Inaonyesha vilevile kwamba mtu anaweza kuwa mchangamfu mchana kutwa huku mwili wake ukilipa deni la usingizi kila usiku, na deni hilo halionekani katika swali la jumla la kuridhika.

Kuridhika kwake hakukuwa jambo la pekee. Mwaka 2001 watafiti Robert Biswas-Diener na Ed Diener walichapisha utafiti walioufanya Calcutta, India, kwa watu 83 waliokuwa wakiishi katika mitaa duni, waliofanya biashara ya ngono na waliolala barabarani. Kwa ujumla watu hao waliyakadiria maisha yao chini kidogo ya katikati, lakini walipoulizwa kuhusu sehemu moja moja ya maisha, kama vile familia, marafiki na tabia zao wenyewe, majibu mengi yalikuwa ya upande wa kuridhika. Mwaka 2006 watafiti hao hao waliwalinganisha watu wasio na makazi wa Calcutta na wenzao wa majimbo ya California na Oregon nchini Marekani. Wale wa Calcutta, ambao kwa mali walikuwa maskini zaidi na waliopata huduma chache zaidi, ndio walioonyesha kuridhika zaidi. Maelezo yaliyopewa uzito yalihusu mahusiano: asiye na makazi wa Calcutta mara nyingi alikuwa bado na watu wake, ilhali mwenzake wa Marekani alikuwa amekatika na ndugu na jamaa. Ni tafiti ndogo, za watu waliopatikana kwa urahisi, na hazitoshi kujengea sera ya nchi. Hata hivyo zinatupa mahali pa kutazama, na kwa Utingo palikuwa mahali sahihi.

Mwishoni mwa 2021, kufuatia agizo la Serikali la kuwapanga upya wamachinga nchini kote, wafanyabiashara wa mbele ya maduka yale walihamia eneo walilopangiwa. Mama lishe alikwenda nao. Hapa sijadili kama zoezi lile lilikuwa jema au baya kwa mji. Wapo waliopata nafasi bora kuliko za awali. Kinachohusu kisa hiki ni kwamba Utingo hakuhamishwa. Mwenye duka hakumfukuza, kibaraza kilikuwa kile kile, maboksi yale yale, kiroba kile kile. Ukipima makazi kwa bati, ukuta na sakafu, hakuna kilichobadilika.

Ndani ya miezi michache alikuwa mtu mwingine. Alianza kulala mchana, akaacha kunyoa ndevu, akala mara moja kwa siku na wakati mwingine asile. Vijana wa bodaboda waliozoea kumwamkia walisema haitikii shikamoo, jambo ambalo kwa mzee wa Kinyakyusa si dogo. Tulipomuuliza maswali yale matano, alikuwa chini ya mstari kwa mbali. Mmoja wetu alidhani ni baridi, lakini hali hiyo ilitokea Januari na Februari, miezi ya mvua ambayo usiku wake Mbeya si wa baridi kama wa Julai, na Julai iliyotangulia alikuwa akitania watu. Mwingine alidhani ni njaa, na hapo kulikuwa na ukweli, kwani chapati ya alfajiri ilikwisha kuondoka pamoja na jiko. Tulipompelekea chakula alikula akashukuru, ila hakurudi kuwa yule.

Kilichoondoka kilikuwa zaidi ya chakula na kipato. Kulikuwa na watu waliomdai jambo kila jioni. Turubai lisipokazwa, mtu alipata hasara, na hasara hiyo ingekuwa juu yake. Kulikuwa pia na ulinzi ambao mwenyewe hakuwahi kuutaja mpaka ulipokoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za nchi, ina vifungu kuhusu uzururaji, na mtu anayekutwa kibarazani usiku wa manane bila maelezo yanayoeleweka yuko katika hatari ya kuchukuliwa. Kabla ya kuhama kwa meza, doria ilipopita alikuwa na la kusema: yeye ni mlinzi wa meza hizi, na namba za simu za wenye meza alizijua kwa kichwa. Meza zilipoondoka, maelezo yake yaliondoka nazo. Mtu aliyekuwa mlinzi usiku mmoja akawa mzururaji usiku uliofuata, bila kusogea hatua moja. Baada ya kuchukuliwa mara moja na kuachiwa asubuhi, akawa hapati usingizi kabisa usiku, na nadhani ndiyo sababu alianza kulala mchana.

Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja aliyemfahamu tangu enzi za malori alipomlipia chumba Uyole, kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wanavyotaka. Lilikuwa tendo la ukarimu mkubwa, na chumba kilikuwa kizuri: sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo, kitanda na godoro. Utingo alikaa wiki chache. Siku moja jirani alimwona akitoka na koti lake, na baadaye akaonekana Mwanjelwa, kibarazani. Sokoni wengi walihitimisha kwamba amezoea mtaa, kwamba mtu wa hivyo humwezi, na kwamba kwa kweli ana raha kuliko wao wenye kodi na karo za watoto. Kauli hii ya mwisho nimeisikia mara nyingi kuhusu wasio na makazi, na msemaji kwa kawaida ni mtu anayerudi nyumbani kulala chini ya blanketi mbili.

Sababu za kuondoka kwake zilikuja polepole, nyingine kutoka kwake, nyingine kutoka kwa jirani. Uyole ni pale ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inajitenga na barabara kuu ya Zambia. Kila gari la kwenda kwao lilipita hapo, na watu wa kijijini hushuka pale kununua na kuuza. Mtu aliyekimbia macho ya kwao alikuwa amepewa chumba penye macho hayo. Isitoshe, chumbani hapakuwa na mtu aliyemhitaji. Aliamka saa kumi alfajiri kwa mazoea, akakaa kitandani hadi kupambazuke, asijue awashe jiko la nani. Alilala vizuri zaidi, hilo alikiri. Kuamka ndiko kulikomshinda.

Wanaofuatilia mambo ya makazi katika nchi nyingine hawatashangaa sana. Mfumo wa kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumwekea masharti ya kujirekebisha kabla, ulianzia New York mwaka 1992, na Finland iliufanya sera ya taifa kuanzia 2008. Kanada iliujaribu katika miji mitano kuanzia 2009, kwa kulinganisha waliopewa nyumba na msaada na wale waliobaki na huduma za kawaida. Matokeo yalikuwa wazi upande mmoja: waliopewa nyumba walikaa ndani kwa uthabiti mkubwa kuliko wenzao. Upande wa dalili za maradhi ya akili tofauti ilikuwa ndogo, kwani makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana. Nyumba ilifanya kazi ya nyumba. Kule nyumba huja na mtu wa kumtembelea mpangaji mara kwa mara. Kule Uyole ilikuja na ufunguo peke yake, na mfadhili hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kingehitajika kitu zaidi.

Kikundi chetu kilipoingia, jambo la kwanza lililofanyika halikuwa kutafuta chumba. Mama lishe aliombwa kuja Mwanjelwa, naye alikuja akiwa na hasira, akamuuliza Utingo kwa nini hajamtafuta kule walikohamia wakati kila usiku meza zao zinaibiwa. Yeye alijibu kwamba hakuitwa. Mazungumzo hayo yalichukua dakika chache na yalifanya zaidi ya ziara zetu zote. Kumbe kila upande ulikuwa ukisubiri kuombwa, na kwa watu wanaotunza heshima yao kwa kutoomba, kusubiri kunaweza kuchukua mwaka. Baada ya hapo chumba kilitafutwa karibu na eneo jipya, uani kwa mjane anayepangisha, kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja ambayo wenye meza walikubali kuichangia kama sehemu ya ujira wa ulinzi. Usiku hulinda kwa zamu na kijana mmoja, ili kila usiku wa pili alale ndani.

Kuwa na mwenye nyumba kulifungua mambo mengine ambayo wengi wetu huyachukulia poa. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa humhitaji mtu awe mkazi wa mtaa fulani, na bila barua hiyo safari ya kitambulisho cha taifa huwa ngumu. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kama jina la mpango linavyosema, hutazama kaya. Mtu mmoja kibarazani si kaya ya mtu yeyote. Sera ya afya inampa mzee wa miaka 60 asiye na uwezo matibabu bila malipo, lakini lazima awepo wa kuthibitisha umri na hali yake. Sensa ya Agosti 2022 iliwahesabu pia waliolala mitaani, kwa hiyo si kweli kwamba nchi haiwajui kabisa. Tofauti ni kwamba kuhesabiwa hakuhitaji anwani, na karibu kila kinachofuata baada ya kuhesabiwa kinaihitaji.

Sasa tufike kwenye lililotushangaza. Miezi kadhaa baada ya kuhamia, maswali matano yalimpandisha tena juu ya mstari, na swali la kuamka akiwa amepumzika lilipata alama kwa mara ya kwanza. Lakini alipoulizwa swali la jumla, kama ameridhika na maisha, alisema hapana. Choo cha uani ni kichafu na zamu ya kusafisha haifuatwi. Mpangaji wa mbele ana friji na pasi, na bado kila mmoja anachangia LUKU sawasawa. Goti linahitaji hospitali. Hajamwona binti yake tangu alipokuwa darasa la tatu. Wenye meza walikereka, na mmoja akamtupia methali kwamba maskini akipata, matako hulia mbwata.

Methali hiyo inamkosea. Amartya Sen, mwanauchumi aliyekulia Bengali, aliandika kwa miaka mingi kwamba mtu aliyekaa katika dhiki hupunguza matakwa yake hadi yalingane na anachoweza kupata, na kwamba kwa hiyo kumuuliza kama ameridhika si kipimo cha kutosha cha hali yake. Kibarazani Utingo hakulalamikia choo kwa sababu hakikuwepo cha kulalamikia; alitumia cha sokoni kwa kulipia, kikifungwa alivumilia. Hakumtaja binti yake kwa sababu mtu anayelala kwenye maboksi hana pa kumkaribisha binti. Kuridhika kwake kwa zamani kulikuwa kwa kweli pale kulipogusa mama lishe, meza na utani wa jioni. Pale kulipogusa usingizi, goti na familia, kulikuwa kunyamaza. Sasa ameacha kunyamaza, na alama yake ya kuridhika imeshuka kwa sababu hiyo hiyo. Ofisi inayotaka kuonyesha mafanikio kwa kipimo kimoja ingemwandika kama mradi ulioshindwa.

Kuna jambo ambalo bado halijakaa sawa, nalo ni kwamba mpango mzima umesimama juu ya wafanyabiashara wadogo ambao wenyewe wanaweza kuhama tena, kufilisika au kuchoka. Tumeandikishana nao mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba wakihama watamwarifu mapema na kusema kama ulinzi unaendelea kule waendako. Karatasi hiyo haina nguvu kubwa, ila inazuia lile la kila mmoja kusubiri kuitwa. Maombi ya kitambulisho yamepokelewa. Rufaa ya goti iko kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya. Kuhusu umeme, Utingo amekataa kuchangia mwezi huu mpaka mwenye friji afungiwe mita yake, mjane amempa hadi Jumamosi, na shauri liko kwa mjumbe.